NYUMBA NA JAMII: Ukuta wa Maji na Chumba cha Nyuma

Siku hizi katika miji yetu umeingia mtindo wa kupamba sebule kwa tangi la samaki lililojengwa ndani ya ukuta. Mgeni akaribishwapo huona kioo kipana kilichozungushiwa fremu mfano wa picha, na nyuma ya kioo hicho samaki wa rangi mbalimbali wakipita taratibu katika mwanga. Haoni bomba, haoni waya, wala hasikii mlio wa mashine. Wapo wasomaji wa hapa Mwanza ambao wangependa kuwa na kitu kama hicho, ama katika nyumba wanayoijenga polepole kule Buswelu au Kisesa, ama katika nyumba ya zamani yenye stoo isiyo na kazi. Leo tutazame jinsi tangi hilo linavyojengwa, na hasa tutazame ile sehemu ambayo mgeni haonyeshwi.

Kioo ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni chumba kilicho nyuma ya ukuta, mahali maji yanapoteremkia, yakachujwa, kisha yakarudishwa. Matangi mengi huharibika kwa sababu mwenye nyumba alimaliza fedha zake zote mbele, katika kioo na taa na fremu ya mninga, akasahau nyuma. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtaka samaki wa ukutani naye hana budi kuinama katika chumba cha nyuma kila juma.

Bahari au ziwa?

Picha nyingi zinazowavutia watu ni za matangi ya maji ya bahari, yenye matumbawe na samaki wake. Mkazi wa Tanga au Unguja aweza kulifikiria jambo hilo. Sisi wa Mwanza tuko zaidi ya kilometa 1,100 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, na maji ya bahari hayaji kwa bomba. Kila lita moja ya maji hayo huwa na takriban gramu 35 za chumvi. Tangi la lita 600, basi, hudai kilo 21 za chumvi kabla samaki wa kwanza hajatiwa, na kila ubadilishapo maji hudai nyingine. Tena chumvi ya jikoni haifai, maana bahari imechanganya pamoja na chumvi hiyo madini mengine mengi ambayo matumbawe huyahitaji ili yakue. Yafaa pia ikumbukwe kwamba matumbawe ni wanyama walio hai. Kuyang'oa mwambao ili yapambe sebule ya mtu ni kuwabomolea samaki mazalio yao, na kumpunguzia mvuvi riziki.

Bahati njema, Mwanza tunayo miamba yetu. Yale mawe makubwa ya matale yaliyopandana juu ya vilima vyetu, na yale yasimamayo majini mithili ya jiwe la Bismarck, huendelea chini ya maji hadi vilindini. Katika nyufa za mawe hayo huishi samaki wadogo ambao wavuvi huwaita furu. Wengi wetu tumewaona wamekaushwa, wametundikwa kwenye vijiti sokoni. Wachache wamewaona wakiwa hai, na ndiyo maana wachache wanajua kwamba samaki hawa kwa uzuri hawashindwi na wale wa matumbawe.

Wataalamu wamekwisha kuhesabu zaidi ya aina 500 za furu katika Ziwa Victoria, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Mmojawapo alipewa jina la kitaalamu mwaka 1985 na watafiti Waholanzi waliokuwa wakifanya kazi katika Ghuba ya Mwanza, nao wakamwita nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Dume lake lina mgongo mwekundu, mbavu za manjano na milia myeusi iliyosimama. Mwaka 1998 aliwekwa pamoja na ndugu zake katika ukoo ulioitwa Pundamilia, neno la Kiswahili tupu. Leo samaki huyo hufugwa katika matangi ya watu wa Ulaya na Marekani, ilhali mtoto wa Igogo aishiye hatua chache kutoka ziwani huenda hajapata kumwona.

Kwa hiyo safu hii yashauri tangi la maji baridi, la miamba ya ziwa letu. Gharama yake ni ndogo kuliko ile ya bahari, ingawa si ndogo kwa kila mfuko. Asiyeweza kulimudu asikate tamaa, maana kanuni tutakazozieleza ni zilezile hata kwa tangi dogo la juu ya meza lenye ndoo ya chujio chini yake.

Msingi kwanza, kioo baadaye

Tuchukue mfano wa tangi lenye urefu wa sentimeta 180, upana wa 60 na kimo cha 60. Likijaa hadi ukingoni huchukua lita 648, na lita moja ya maji ni kilo moja. Kioo chenyewe, kikiwa cha unene wa milimita 12, hukaribia kilo 120. Ongeza mawe na changarawe, nawe utaona kwamba mzigo wote unaikaribia tani moja. Mzigo huo hauwekwi juu ya tofali za ukuta uliotobolewa. Hujengewa kitako chake chenyewe, cha tofali na zege, kikisimama juu ya sakafu ya chini iliyo imara. Nyumba ya ghorofa au sakafu iliyopasuka yapasa ikaguliwe kwanza na mhandisi.

Ukuta unaotobolewa usiwe ule ubebao paa. Na ukiwa wowote ule, fundi mwashi aweke lenta ya zege yenye nondo juu ya tundu kabla hajatoa tofali, ili uzito wa juu usije ukaangukia kioo. Kati ya kioo na ukuta iachwe nafasi ya kidole kimoja au viwili pande zote. Fremu ya mbao ndiyo ifichayo nafasi hiyo. Nyumba huwa inatulia na kusogea kidogo kidogo kadiri miaka ipitavyo, na ukuta ukikikandamiza kioo, kioo ndicho kitakachopasuka. Juu ya kitako yatandikwe maponji magumu ya kuezekea, yenye unene wa sentimeta moja, ili kijiwe au kibonge cha saruji kisikichome kioo kwa chini.

Msukumo wa maji hutokana na kimo chake, wala hautokani na wingi wake. Maji ya kimo cha sentimeta 60 hukisukuma kioo cha mbele cha tangi letu kwa nguvu ilinganayo na uzito wa zaidi ya kilo 300, mchana na usiku. Hapa si mahali pa kubana matumizi. Kioo cha dirisha cha milimita 5 hakifai kabisa, na silikoni iwe ile itengenezwayo kwa matangi ya samaki, isiyo na dawa ya kuua ukungu, maana dawa hiyo huua na samaki. Tangi likiisha gundishwa liachwe likauke juma zima, kisha lijazwe maji uani na kuachwa siku mbili tatu kabla halijaingizwa ndani. Afadhali livuje uani kuliko sebuleni.

Chumba cha nyuma

Chumba cha chujio hakihitaji ukubwa. Meta 2 kwa meta moja na nusu zatosha. Hata hivyo kinahitaji mambo manne ambayo ni vigumu kuyaongeza baadaye: sakafu yenye mteremko na tundu la kutolea maji, bomba la maji safi, dirisha la kupitisha hewa, na umeme uliofungwa juu, mbali na michirizi. Maji ya tangi hupanda hewani kama mvuke kila siku. Chumba kisipopumua, plasta hubanduka, dari huota ukungu, na mlango huvimba. Soketi ziwe juu kuliko usawa wa maji, na kila waya uning'inie chini kwanza kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone la maji liteleze na kuanguka sakafuni. Fundi umeme aweke ile swichi ya usalama inayokata umeme papo hapo unapovuja. Kadhalika mlango uwe na komeo lililo juu, watoto wasilifikie.

Juu ya tangi, kwa upande wa nyuma, acheni nafasi ya wazi ya nusu meta. Mkono lazima ufike hadi chini kwenye kona ya mbali, na jiwe kubwa lazima liweze kutolewa bila kubomoa fremu.

Kazi yenyewe huenda hivi. Maji yaliyofika ukingoni hutumbukia katika bomba pana na kuteremka kwa uzito wake hadi kwenye chombo kilichowekwa chini. Chombo hicho chaweza kuwa tangi la pili la kioo, au pipa la plastiki la lita 200 lililopasuliwa kwa urefu, maadamu halijapata kuhifadhi sumu wala mafuta. Hugawanywa sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ina sifongo, inayokamata mabaki ya chakula na kinyesi. Ya pili imejazwa vipande vya vyungu, matofali ya kuchoma au kokoto. Ya tatu ina pampu inayorudisha maji juu. Kwa tangi letu pampu ifikishe juu lita 2,500 hadi 3,000 kwa saa, yaani maji yote yapite chujioni mara nne au tano kila saa.

Sasa fanya hesabu moja kabla ya kununua chombo hicho. Umeme ukikatika, pampu husimama, lakini maji yaliyo juu ya ukingo yataendelea kuteremka, na bomba la kurudisha litayanyonya maji kinyumenyume. Kila sentimeta moja ya tangi letu ni lita 10.8. Yakishuka sentimeta 5 tu, hizo ni lita 54 zinazotafuta mahali pa kwenda. Kama chombo cha chini hakina nafasi hiyo, zitakwenda sakafuni. Kwa hiyo bomba la kurudisha litobolewe tundu dogo chini kidogo ya uso wa maji, ili livute hewa na unyonyaji ukatike mapema. Na chombo cha chini kisijazwe zaidi ya nusu.

Wafanyakazi wasioonekana

Watu wengi hudhani kwamba chujio ni kile kisifongo kinachokamata uchafu. Kisifongo ni mfagizi tu. Wafanyakazi wenyewe ni vijidudu viitwavyo bakteria, ambavyo huota juu ya vile vipande vya vyungu. Samaki hutoa amonia kwa mashavu na katika kinyesi, na amonia hata ikiwa kidogo humwunguza. Kundi moja la bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia mpaka utakapobadilisha maji.

Vijidudu hivi havinunuliwi kwa haraka. Tangi jipya huchukua majuma 4 hadi 6 kabla havijawa vya kutosha, hata kama maji yanameta kama kioo. Katika muda huo pampu iendeshwe, na chembe chache za chakula cha samaki zitiwe kila siku zioze, ili vijidudu vipate cha kula. Mwenye pupa hutia samaki 20 siku ya pili, akawazika siku ya kumi, halafu akamlaumu aliyemwuzia. Samaki waanze watatu au wanne, kisha waongezwe kidogo kidogo.

Maji ya bomba huwa yametiwa klorini ili tusipate maradhi, na klorini huua bakteria wetu pamoja na kuwadhuru samaki. Yaachwe katika pipa lililo wazi kwa siku moja au mbili, yakikorogwa na pampu ndogo ya hewa. Kwa sababu hiyo hiyo, vipande vya vyungu visioshwe bombani. Visuuzwe katika ndoo ya maji yaliyotolewa tangini. Kila juma toa robo ya maji na kutia mapya. Maji yanayotolewa yana mbolea, nayo yatafaa sana kwa mchicha na matembele ya mama uani.

Umeme ukikatika kwa muda mrefu, hatari ya kwanza ni kukosa hewa. Hapa chujio la wazi lina faida kubwa kuliko lile la mkebe uliofungwa, maana familia yaweza kuchota maji chini kwa jagi na kuyamimina juu kwa kimo, mara kwa mara, mpaka umeme urudi. Pampu ndogo ya hewa itumiayo betri ni akiba nzuri. Na wenye samaki wachache ndio wanaosalimika.

Mawe, samaki na afya ya nyumba

Mawe ya matale hayabadilishi maji, kwa hiyo yanafaa. Yapangwe kabla ya changarawe, yakikaa imara juu ya sakafu ya tangi, ili samaki wachimbao wasiyaangushe. Mawe ya ufukoni yasuguliwe na kuanikwa juani siku kadhaa. Konokono na majani ya ziwani yasiletwe nyumbani kamwe, maana kichocho husambazwa na konokono wa maji baridi, na mwambao wa ziwa letu una ugonjwa huo.

Kabla ya kutafuta furu, mwone afisa uvuvi wa wilaya akueleze taratibu. Watu wa chuo cha uvuvi Nyegezi na wa kituo cha utafiti wa uvuvi, TAFIRI, hapa Mwanza wanawajua samaki hawa. Kisiwa cha Saanane kiguswe kwa macho tu. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013. Chagua aina moja, dume mmoja na majike kadhaa, kwa kuwa madume wawili katika nafasi ndogo hupigana. Jike huyatia mayai kinywani na kuyatunza humo kwa muda wa majuma matatu hivi, bila kula au akila kidogo sana, mpaka watoto watoke wenyewe. Mtoto wa mtu akiliona jambo hilo mara moja hatalisahau.

Na samaki asiyetakiwa tena asirudishwe ziwani, wala samaki wa Ziwa Tanganyika asitiwe katika ziwa hili, hata mmoja. Tunajua gharama ya mgeni. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na mapema miaka ya 1960. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1980, aina zikadiriwazo kuwa 200 za furu zilikuwa zimetoweka au zimebaki kwa nadra. Sangara ameleta viwanda na ajira Mwanza, na hilo hatulikani, lakini furu waliokwisha hawarudi. Walio katika miamba walinusurika zaidi, na baadhi ya wale wa maji ya wazi wameanza kuongezeka tena tangu miaka ya 1990.

Ziwa nalo lina chumba cha nyuma

Ndugu msomaji, ukiisha kuendesha tangi kwa mwaka mmoja utalitazama ziwa kwa jicho jingine. Ziwa letu, pamoja na ukubwa wake wa kilometa za mraba 68,800, nalo lina chujio. Mafunjo na matete ya kandokando hukamata udongo na mbolea iletwayo na mito. Furu wengi walikuwa wakila mwani na mabaki yaliyooza chini. Mafunjo yakifyekwa, furu wakipungua, na wakati huo huo taka za miji na udongo wa mashamba zikiongezeka, maji hugeuka kijani, na vilindini hewa huwa haba. Ndilo tangi ambalo mwenye nyumba alisahau chujio lake, ila hili hakuna awezaye kulibadilishia robo ya maji kila Jumamosi.

Uchafu huo hauhitaji kuua kwa sumu. Mwaka 1997 mtafiti Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba majike wa furu humchagua dume kwa rangi. Maji yanapokuwa meupe, jike wa mwekundu humfuata mwekundu, na wa bluu humfuata wa bluu. Maji yakiwa machafu, mwanga hubadilika, rangi hazitofautishwi, na aina mbili huchanganyika zikawa moja. Karibu na kisiwa cha Makobe, kwenye maji safi, wekundu na wa bluu bado ni mbalimbali. Ndani ya Ghuba ya Mwanza, kwenye maji mazito, mpaka kati yao umefifia.

Kwa hiyo familia inayojenga tangi ikapiga pampu na kusafisha sifongo, kisha ikatupa taka za nyumbani katika mto Mirongo, inawatunza samaki 15 sebuleni huku ikiwanyima hewa ndugu zao walio nje. Mirongo huingia ziwani. Kinachotupwa mtaroni Mabatini leo usiku chaweza kuwa ghubani kesho mvua ikinyesha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi ukuta wa namna hii hatuna tofali zake.

Basi anayetaka kuanza achukue karatasi na penseli, na achore chumba cha nyuma kwanza: tundu la maji sakafuni, dirisha, soketi, chombo cha lita 200, na mahali pa kusimama mtu mwenye ndoo. Akiona kwamba chumba hicho hakiwezekani, apunguze ukubwa wa kioo mpaka kiwezekane. Kazi ya kusafisha sifongo igawanywe kwa zamu, baba akiwamo.

Jumapili ijayo tutazungumzia uvunaji wa maji ya mvua kwa paa la bati, jambo litakalowafaa wenye matangi na wasio nayo.